Mfiwa Nyumbani kwa Doña Tencha

Habari ya msiba ilimkuta Maarja mezani, kijiko cha supu ya tambi kikiwa njiani kwenda mdomoni. Simu ilitetemeka mapajani. Akaitupia jicho, akaona jina la kaka yake, Priit, na maneno machache chini yake: Baba amefariki jioni hii. Moyo. Nipigie. Akaigeuza simu kifudifudi, na kijiko kikaendelea na safari yake. Supu akaimaliza. Akapakuliwa wali, akaumaliza. Akaletewa kuku, naye akamla mpaka ukabaki mfupa mtupu. Doña Tencha, mama mwenye nyumba, alifurahi siku hiyo hakuna mfano. Alisema mweupe wetu sasa ameanza kula kama mtu.

Msimhukumu upesi. Kwa Doña Tencha huinuki mezani eti kwa sababu umeshiba. Hapa Xalapa, Meksiko, kula ni kazi ya nusu saa tu. Kukaa baada ya kula ndiyo kazi yenyewe, na anayejaribu kutoroka kabla ya kahawa ya pili huitwa kwa jina lake lote mpaka arudi. Kwa hiyo Maarja alikaa. Yareli, binti wa nyumba, anayesomea uuguzi, alisimulia jinsi mwalimu wao alivyoanguka chini puu alipoona damu. Baba yake, Don Nabor, dereva wa teksi mwenye tumbo la heshima, akacheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akamgeukia mgeni, kama alivyofanya kila siku ya Mungu.

"Haya, binti, mzee wako hajambo? Leo kasukuma theluji kiasi gani?"

Hilo lilianza tangu mwezi wa nane, Maarja alipofika kutoka Estonia, kanchi kadogo ka baridi huko juu Ulaya, kuja kusoma Kihispania mwaka mmoja. Chuo kilimpangia nyumba hii. Wiki ya kwanza, kwa maneno yake machache ya kuokoteza, alieleza kwamba baba yake huendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Don Nabor hajawahi kukanyaga theluji. Huiona kwa mbali tu, kule kileleni mwa mlima, siku ukungu ukijisikia kuondoka. Tangu siku hiyo akamchukua mzee yule kuwa dereva mwenzake, na haupiti mchana bila kumjulia hali.

"Nyingi," akasema Maarja. "Imefika magotini."

"Eh! Na bado kaingia barabarani! Dereva huyo, si sisi tunaoogopa manyunyu." Don Nabor akapiga meza kwa kiganja. "Msalimie sana."

"Nitamsalimia."

Na hapo ndipo ilipomnasa. Aliposema magotini, alimwona baba yake kabisa, kakaa kwenye gari lake refu, zipu ya koti mpaka kidevuni, chupa ya chai pembeni. Alikuwa hai. Huko kwao amekufa, lakini katika nyumba hii, mezani hapa, alikuwa hajambo na theluji ilikuwa nyingi. Ilimradi yeye asiseme. Siku atakayofungua mdomo, mzee atakufa na hapa pia, na hakutakuwa na mahali pengine pa kumweka. Maarja hakuliamua jambo hilo. Aliliona tu limekwisha amuliwa, akanywa kahawa ya pili.

Watu husema uchungu unauma. Wapi! Maarja alingoja umuume, haukuuma. Alijilaza usiku akalala fofofo. Asubuhi akapiga mswaki, akala maharage na yai, akapanda mteremko kwenda chuoni chini ya yale manyunyu yetu ya Januari ambayo si mvua wala si ukungu na hayamwachi mtu mkavu. Mwalimu alimuuliza swali, akalijibu, na jibu lilikuwa sahihi. Alikuwa amekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, ila ganzi yenyewe ilikuwa mwili mzima, na ndani ya ganzi hiyo alikuwa na adabu nyingi kuliko kawaida. Aliosha vyombo ambavyo hakutumwa. Alikunja nguo za watu.

Jumatano jioni alikuwa jikoni akimsaidia Yareli kupasha tortila, zile chapati za mahindi, kwenye bamba la moto. Wenyeji hugeuza tortila kwa vidole, haraka haraka, na Maarja alikwisha jifunza. Safari hii aligeuza moja, na kidole akakisahau palepale juu ya chuma.

"Wewe!" Yareli akamvuta mkono. "Mama! Njoo umwone huyu, anajichoma huku anaangalia!"

"Samahani," akasema Maarja.

"Samahani ya nini? Kidole ni chako! Hakiumi?"

Maarja akakitazama. Kilikuwa chekundu na kimevimba kichwani. "Kinauma," akasema, maana ndivyo inavyopasa kusema.

Doña Tencha akaja, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye taa kama anayenunua nyanya. Huyu mama amelea wanafunzi wa kigeni miaka mingi, na anajua magonjwa yao yote: yapo ya kukumbuka kwao, yapo ya mapenzi, yapo ya pilipili. Alimtazama ulimi. Akamminya tumbo. Kisha akatoa hukumu yake, na hukumu ya Doña Tencha haina rufaa.

"Chakula kimemganda tumboni. Jumanne kala kuku mzima, tena harakaharaka. Yareli, lete mafuta."

"Mama, hicho si kitu, hata vitabuni hakimo."

"Vitabuni kwako hamna hata adabu. Lete mafuta."

Wakamlaza kifudifudi kitandani. Doña Tencha akamkanda mgongo kwa mafuta ya moto, kisha akaanza kuivuta ngozi ya kiunoni kwa vidole viwili, kidogo kidogo akipanda juu, akisikiliza. Ngozi ikilia tak, tumbo limefunguka; ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na wake.

"Imelia!" akasema. "Mmesikia?"

"Hilo ni goti lako, mama."

"Nyamaza, shetani we!"

Wote wawili wakacheka mpaka kitanda kikatikisika, na Maarja, uso ndani ya mto, akacheka nao, kwa sababu aliona ni wakati wa kucheka. Mikono ya Doña Tencha ilikuwa mizito na yenye joto. Alijua kwamba ina joto. Alilijua kama mtu anavyojua habari aliyoisoma.

Tusimlaumu Doña Tencha pia. Kwetu mfiwa husikika mtaa wa pili. Mwanamke akifiwa hupiga yowe, huangushwa na kuinuliwa, hupewa mkate mgumu aume kwa ajili ya mshtuko, na kabla hajamaliza kulia watu wamekwisha jaa sebuleni na vikombe vinazunguka. Ingemjiaje akilini kwamba mtu anaweza kufiwa na baba, na kisha aulize kama sahani zikaushwe kwa kitambaa cha bluu au cha njano?

Alhamisi Priit alipiga simu mara kadhaa. Maarja aliiangalia ikitetemeka mpaka ikanyamaza. Mwishowe ujumbe ukaingia akiwa duka la mikate la pembeni, sinia mkono mmoja na koleo mkono wa pili. Mazishi Jumamosi saa saba mchana. Ukiondoka leo utawahi. Maarja, unaniogopesha, sema chochote. Akausoma wote. Kisha akaendelea kuchagua mikate kwa uangalifu mkubwa, miwili yenye sukari ya pinki kwa Yareli, wa nazi kwa Don Nabor, na kila mmoja aliuweka kwenye sinia polepole, usiguse mwenzake. Mwenye duka akamwambia, "Atakayekuoa atashukuru." Maarja akasema asante.

Ijumaa ilipofika, na ndege ya kuwahi ikawa imekwisha ondoka popote ilipoondokea, aliona kifua kimekuwa chepesi kidogo. Akajionea aibu. Halafu hata aibu yenyewe ikaisha, akabaki mtupu. Mezani Don Nabor aliuliza habari za theluji, naye akamwambia leo imepungua.

Sasa, Jumamosi hiyo ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya Maarja. Yeye mwenyewe aliisahau. Nyumba haikuisahau. Na Doña Tencha, aliyeona mafuta hayakufua dafu, alikuwa amekata shauri kwamba dawa iliyobaki ni sherehe, tena si ya kuchezea.

Walimwamsha saa kumi na moja alfajiri, kama desturi, wamejipanga nje ya mlango wa chumba chake wakiimba wimbo wa kumwamshia mwenye siku yake. Don Nabor alikuwa na gitaa lililopungukiwa waya mmoja. Sauti ya Doña Tencha ilikuwa juu ya zote. Maarja akaketi kitandani gizani. Alihesabu saa kwa vidole, akajua kwamba kwao sasa ni saa saba mchana, na kwamba dakika hii, wakati hawa wanaimba hivi, Priit yuko pembeni mwa shimo na wanamteremsha baba. Alingoja tena. Hakuna kitu. Alishuka kitandani, akafungua mlango, akatabasamu, na wote watatu wakamkumbatia kwa zamu huku wamevaa nguo za kulalia.

Mchana wake watu walikuja. Jirani walikuja, na jamaa za jirani, na madereva wenzake Don Nabor, na wanafunzi wawili wa chuoni. Viti vya plastiki vya kukodi vikajaa uani chini ya turubai. Kulikuwa na bata mzinga katika mchuzi mweusi wa mole, na wali mwekundu, na redio inaimba kama imelipwa. Mbele kabisa, karibu na sufuria, aliketi Doña Licha, bibi mnene wa nyumba ya mkabala. Huyu ndiye kiongozi wa sala katika kila msiba wa mtaa, na kwa kuwa misiba haitoshi kumlisha vizuri, hakosi sherehe hata moja. Mkoba wake huwa na vitu viwili: rozari, na mfuko wa plastiki wa kubebea mabaki.

"Umekonda, mtoto," alimwambia Maarja. "Kula. Wafu tu ndio wanaoruhusiwa kukonda."

"Ndiyo, bibi," akasema Maarja, akala.

Kisha keki ikaletwa. Ilikuwa pana kama meza, imelowa maziwa na kufunikwa krimu, ameioka Doña Tencha mwenyewe. Wakaimba, Maarja akazima mishumaa, na hapo uani pote pakalipuka kelele ambazo mtoto yeyote wa hapa anazijua kabla hajajua kutembea: "Aume! Aume! Aume!" Mwenye siku yake sharti aume keki kwanza, bila mikono, na yeyote anayekubali kuinama anajua fika kwamba nyuma yake kuna mkono. Maarja alikwisha kuona picha. Akaweka mikono nyuma, akainama kwa adabu. Yareli akamsukuma kisogo kwa nguvu zote za mtu anayempenda mwenzake.

Uso ukazama mpaka masikioni. Watu wakashangilia, wakapiga picha, wakangoja ainuke na pua nyeupe wapate kumcheka vizuri.

Hakuinuka.

Humo ndani palikuwa na giza, na baridi ya maziwa. Tangu Jumanne uso wake ulikuwa kazini asubuhi mpaka usiku, ukitabasamu, ukila, ukiitikia. Sasa kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyeweza kuuona. Ukajiachia. Alisikia kitu kinapanda kutoka tumboni, akadhani ni kutapika, akataka kukizuia, hakikuzuilika. Sauti iliyotoka aliisikia yeye mwenyewe kwa mbali. Ilikuwa mbaya, nzito, kama ya ng'ombe.

Kwanza walidhani anacheka. Mabega yalikuwa yanaruka hivyo. "Mwacheni, keki imemnogea!" akapayuka dereva mmoja. Lakini Doña Tencha amezika mama, na kaka wawili, na kitoto kimoja asichokitaja, na sauti ile anaijua hata ukiifunika kwa krimu. Akaweka kisu chini. Akawasukuma watu, akamshika Maarja mabega akamwinua, akamtazama ule uso mweupe wote ambao machozi yalikuwa yanachimba njia mbili katikati yake. Hakumuuliza ana nini.

"Nani?" akasema.

"Baba."

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne!" Doña Tencha akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. "Jumanne! Nimekulisha, nimekukanda, nimekuimbia, na wewe unatembea humu ndani na maiti kifuani! Mtoto gani wewe? Huna mama hapa? Mimi ni nani, mwenye lojingi?" Na huku anafoka alikuwa amekwisha mkumbatia, krimu imempaka kifua kizima, naye analia kwa hasira, maana hakuna kitu kinachomuudhi Doña Tencha kama mtu kulia peke yake nyumbani kwake.

Don Nabor akakaa kwenye kiti cha karibu, akavua kofia. "Jana nimemuuliza," akasema, hakuna aliyekuwa anamsikiliza. "Jana nimemuuliza mzee kasukuma kiasi gani. Akaniambia imepungua." Yareli alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo ule mkono uliosukuma.

Redio tu ndiyo iliyokuwa bado inaimba. Doña Licha akameza alichokuwa anatafuna, akafuta midomo, akasimama.

"Zimeni hicho," akasema. "Wanaume, pangeni viti vitazame huku. Tencha, weka maji ya kahawa, acha kumkaba mtoto. Mwenye mshumaa alete mshumaa."

"Na keki, bibi?" mtoto mmoja akauliza.

"Keki italiwa baadaye. Marehemu hana ugomvi na keki." Akatoa rozari mkobani, akaikung'uta makombo ya mkate. Kisha akamwita Maarja aketi karibu naye, goti kwa goti. "Jina lake?"

"Heino."

"Eino," akasema Doña Licha. "Mkatoliki?"

"Hapana. Hakuwa na dini yoyote. Kanisani hakwenda."

"Basi ndiye hasa anayehitaji watu. Waliokwenda wanajulikana huko tayari." Akamshika kile kidole kilichoungua, bila kujua, akakiminya, na Maarja akaruka kwa maumivu. "Sasa niambie alikuwa mtu gani. Siwezi kumpeleka mtu nisiyemjua, nitaulizwa maswali nishindwe."

 Sahani zilikuwa mapajani. Maarja akafungua mdomo, akaona Kihispania chote alichokisoma kimekimbia, yamebaki maneno ya wiki ya kwanza tu. Akayatumia hayo.

"Alikuwa mrefu. Aliamka mapema sana. Theluji ikianguka usiku, yeye alitoka kwanza, peke yake, kufungua barabara, ili watu wakiamka wapite. Hawakumjua ni nani. Waliona barabara iko wazi tu." Akavuta kamasi. "Hakuwa anasema sana. Nilipokuwa naondoka, kwenye uwanja wa ndege, aliniambia nivae soksi. Nikamwambia, baba, Meksiko ni joto. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ana kwa ana. Tena nilimjibu kwa ukali."

"Sote tuliwajibu kwa ukali," akasema Doña Licha. "Ndiyo kazi ya watoto." Akajifanyia ishara ya msalaba, na viti vyote vikakwaruza sakafu kwa pamoja watu wakisimama.

Wakamsalia. Madereva wakamsalia, kofia mikononi. Wanafunzi wa chuoni, ambao walikuja kucheza muziki, wakamsalia. Doña Licha alikwenda mbio, kama mtu anayejua njia, na uani pote pakamwitikia nyuma yake, "Umwombee, umwombee, umwombee," na kila alipofika kwenye jina waliliitikia kwa kinywa kizima, Eino, bila ile herufi ya mwanzo, watu ambao hawakumwona hata siku moja. Maarja alilia mpaka pumzi zikampotea. Iliuma. Iliuma kila mahali kwa pamoja, kidole, kifua, magoti, kama mguu unaorudiwa na damu, na alitamani kuikimbilia ile ganzi airudie, lakini mkono wa Doña Licha ulikuwa umemshika.

Katikati ya sala simu ikatetemeka. Ilikuwa Priit. Kwao ilikuwa imekaribia usiku wa manane, na watu wa mazishi bila shaka wamekwisha ondoka. Maarja akaitazama, kisha akaibonyeza, akaiweka sikioni, juu ya krimu.

 Alimsikia kaka yake anapumua. Naye kaka yake, huko mbali, alisikia sauti za watu wengi zinazopanda na kushuka pamoja kwa lugha asiyoijua, na ndani yake, mara kwa mara, kitu kinachofanana na jina la baba yao.

"Maarja?" akasema mwishowe. "Ni kelele gani hizo? Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Hao ni akina nani?"

"Jirani," akasema Maarja. "Ngoja kidogo, Priit. Tunamzika baba."